Majuma Matano Kabla ya Kisu

Jambo tunalotaka kuwasimulia lilianzia mezani petu, mjini Butembo, nalo lilianza kwa kitu kidogo ambacho hatukukitia maanani. Baba yetu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekwisha kustaafu, alianza kuomba maji kila alipokula. Tonge la ugali wa muhogo lilipomkwama kifuani, alikunywa mafunda mawili, akajipiga kifua kwa ngumi, akacheka, akaendelea kula. Sisi watoto wake saba tulicheka pamoja naye. Tulisema kwamba Mzee anakula mbiombio kama mwanafunzi aliyesikia kengele. Hayo yalikuwa siku chache kabla ya Noeli ya mwaka 2023.

Ilipofika Kwaresima nyama ilikuwa imekwisha kumshinda. Tulidhani anafunga kwa bidii kuliko sisi, tukamsifu mioyoni mwetu. Kumbe mama alikuwa akimpondea maharagwe jikoni, na baadaye akimpikia uji mwepesi, nao wawili walikuwa wamepatana wasituambie. Wakati huo huo alikuwa akinunua vidonge vya vidonda vya tumbo, maana kila aliyemwuliza alimjibu hivyo: ni tumbo hilo, Mwalimu, punguza pilipili. Akanywa na majani ya mzee mmoja wa upande wa Lubero, machungu kupita shubiri. Miezi minne ikapita hivyo.

Pengine msomaji wa mahali pengine atauliza kwa nini mtu mwenye elimu akawie namna hiyo kwenda hospitali. Na akumbuke kwamba toka Agosti 2018 hadi Juni 2020 nchi yetu ya Beni na Butembo, pamoja na majirani zake, ilipitiwa na Ebola, iliyowapata watu zaidi ya 3,400 na kuwaua zaidi ya 2,200. Siku zile mtu aliyeingia hospitali kwa homa tu alitazamwa na jamaa zake kama aliyekwisha kuaga. Ugonjwa ulikwisha, lakini hofu haikutoka yote. Katika nyumba nyingi za kwetu bado hospitali ni mahali pa mwisho, na mtu hujaribu kwanza kila mlango mwingine.

Kilichotuzindua ni Komunyo Takatifu. Jumapili moja Baba alirudi kutoka altareni akiwa amefunika mdomo kwa leso, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akakaa ameinamisha kichwa. Jumapili iliyofuata hakusimama na wengine. Wala ile ya tatu. Dada yetu mkubwa, ambaye sisi sote twamwita Yaya, alimwuliza walipokuwa wakitembea kwenda nyumbani: "Baba, kuna jambo gani lililokuzuia?" Baba alinyamaza mpaka walipofika penye mteremko, kisha akajibu: "Mwanangu, hata Yeye hapiti tena."

Siku ya pili yake tulimpeleka hospitali. Wakampitisha kinywani mpira mwembamba wenye taa na kamera, wakaona uvimbe katika sehemu ya kati ya umio, wakakata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe. Majibu yakaja: saratani ya umio, au kama tusemavyo kwetu, kansere.

Umio ni ule mrija wa nyama, wenye urefu wa sentimeta 25 hivi kwa mtu mzima, ushukao nyuma ya bomba la pumzi na nyuma ya moyo, ukaleta chakula tumboni. Ni mrija wenye kutanuka. Ndiyo maana mtu haoni taabu mpaka uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia. Daktari alitueleza hivyo bila kutulaumu, nasi tukahesabu kimya kimya: siku ile tuliyocheka mezani, adui alikuwa amekwisha kukaa ndani siku nyingi.

Maradhi haya yana nchi zake. Yameshuka upande wa mashariki wa Afrika kama ukanda mrefu, toka Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Malawi na Afrika ya Kusini. Na Malawi ni miongoni mwa nchi zinazopatwa zaidi katika dunia nzima. Huko Bomet, nchini Kenya, katika hospitali ya misioni ya Tenwek, madaktari wamewapokea wagonjwa wa namna hii hata wasiotimiza miaka 30. Tumbaku na pombe kali zina lawama yake, lakini wapo wengi walioumwa bila kujua hiki wala kile. Na mwaka 2016 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vinywewavyo vikiwa na joto la kupita digrii 65 yaelekea huleta saratani ya umio, hata kikiwa kinywaji chenyewe ni maji matupu.

Baba hakuvuta sigara, na kasikisi aliionja arusini tu. Lakini chai! Butembo ni mji wa milimani, na asubuhi kuna ukungu na baridi. Baba alikunywa chai yake ingali ikitoa mvuke, katika kikombe cha bati ambacho hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeweza kukishika, naye alijivunia jambo hilo. Hatusemi kwamba chai ndiyo iliyomtia ugonjwa. Hakuna daktari awezaye kusema hivyo juu ya mtu mmoja. Twasema tu kwamba tangu siku ile mama aliitazama birika kama mtu amtazamavyo jirani aliyeshukiwa wizi.

Tukafanya baraza la ukoo. Kaka yetu mkubwa ni mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye safari zake humfikisha hata Guangzhou, na katika mambo yote huuliza kwanza bei. Alikwenda nasi kwa daktari, akakaa mbele, akasema: "Daktari, tutajie bei ya upasuaji. Nalipa leo, wakate leo. Mwizi akiwa ndani ya nyumba hatumpelekei barua."

Sisi wengine tulitikisa vichwa kukubali. Alisema yale yaliyokuwa mioyoni mwetu sote.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akamwambia: "Kisu kitakuja, ndugu yangu, lakini hakitatangulia. Uvimbe huu umekaa karibu na moyo na mapafu na mshipa mkuu wa damu. Mpasuaji akienda leo, atakata anachokiona, na kitakachobaki ukingoni kitaota tena. Tena huenda ziko chembe zilizokwisha kutoka, ambazo hakuna jicho liwezalo kuziona. Kuna dawa inayozifuata katika damu, na kuna mionzi inayouunguza uvimbe pale pale ulipo; na dawa hiyo hiyo huufanya uvimbe ushindwe kustahimili mionzi. Hivi viwili huenda pamoja kwa majuma matano. Kisha mwili hupumzika. Ndipo kisu."

"Na kwa nini visije baada ya kisu?" akauliza Yaya.

"Kwa sababu mtu aliyekwisha kupasuliwa kifua na tumbo hana nguvu za kuvivumilia. Wengi hawavimalizi. Leo baba yenu anazo nguvu kidogo. Tuzitumie mahali zinapofaa."

Kaka alitoka nje kabla ya sisi kuaga. Alikasirika, na kwa kweli hata sisi tuliobaki kitini tuliona kwamba twaambiwa tungoje huku Baba akifa kwa njaa mbele ya macho yetu. Neno "majuma matano" lilisikika kama neno la ofisi, kama "rudi kesho". Ilitupasa kujifunza kwamba kungoja huku siko kule tulikokuzoea.

Tulichoambiwa, na ambacho baadaye tulikisoma wenyewe, ni hiki. Kati ya mwaka 2004 na 2008, madaktari wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 366 kwa kura. Wagonjwa 188 walipangiwa kupasuliwa moja kwa moja. Wengine 178 walipangiwa kwanza dawa mbili, kaboplatini na paklitakseli, mara moja kwa juma kwa majuma matano, pamoja na mionzi mara 23, ndipo wapasuliwe. Habari yao ilichapwa mwaka 2012. Nusu ya wale wa kwanza walikuwa wamefariki ilipotimia miezi 24. Bali katika wale wa pili, nusu walikuwa hai hata baada ya miezi 49. Na katika wagonjwa wenye saratani ya aina ya Baba, ambayo ndiyo ya watu wetu wengi wa Afrika ya mashariki, waliopewa kwanza dawa na mionzi kisha wakapasuliwa, karibu nusu hawakuonekana na chembe hai hata moja katika nyama iliyokatwa. Mpasuaji alikata mahali ambapo adui alikuwa amekwisha kufa.

Walipohesabu tena baada ya miaka kumi, waliokuwa hai walikuwa 38 katika kila mia, na katika wale waliopasuliwa moja kwa moja walikuwa 25. Mmoja wetu alisema kwamba tofauti ya 13 si kubwa, kwa taabu yote hiyo. Baba, aliyekuwa amelala kwenye mkeka tukidhani hasikii, alifungua macho akasema: "Watoto 13 waliotoka katika darasa langu la mia. Wewe ungewaita kidogo. Mimi nawajua majina."

Tangu hapo hatukubishana tena juu ya hesabu.

Lakini njia hiyo ina mlango, na mlango haukai wazi siku zote. Ni kwa mgonjwa ambaye saratani haijaenea mbali na umio, na ambaye bado anaweza kusimama kwa miguu yake. Wengi wa watu wetu hufika mlango umekwisha kufungwa. Hao hutiwa kijibomba ndani ya umio wapate kumeza, na kazi hiyo ni njema, nasi tumewaona watu waliokula na watoto wao kwa miezi kadhaa kwa ajili yake. Ila siyo tiba ya kuung'oa ugonjwa. Skana ya Baba ilionyesha ini na mapafu salama. Daktari alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kutuonya na kutufariji pamoja, kwamba miezi miwili zaidi pengine isingekuwa hivyo.

Mjini Butembo hakuna mashine ya mionzi, wala Beni. Ikatupasa kwenda Kampala. Kaka, ambaye kwa majuma mawili hakusema na daktari wala nasi, alikuja usiku mmoja akaweka bahasha mezani. Alikuwa ameuza shamba lake la mikaratusi, lile alilokuwa akilingojea likomae apate kujenga. Hakutaja bei. Ilikuwa mara ya kwanza.

Toka Butembo hadi Beni ni kilometa 54. Tulilala Beni kwa shangazi, dada yake Baba, ambaye hakuwa amemwona tangu mwaka uliotangulia. Beni ina joto kuliko kwetu, ni nchi ya kakao na kahawa, na tangu Oktoba 2014 imezika watu wake wengi mno waliouawa kwa mapanga na risasi mashambani na majumbani. Shangazi mwenyewe alikwisha kuacha shamba lake la kakao kwa ajili hiyo. Alikuwa amechinja kuku. Alikuwa amepika na sombe, na wali, na ndizi, akaandaa meza yote, kisha Baba akaingia na ule mpira mwembamba waliompitisha puani ili alishwe supu. Shangazi alisimama na bakuli mkononi. Baba alimwambia, "Keti, dada. Nitakula kwa pua, wewe ule kwa kinywa, tuone nani atamaliza kwanza." Tulicheka, na wanawake wakaenda kulia jikoni.

Toka Beni hadi Kasindi, mpakani, ni kilometa 80 hivi. Wasomaji wa Kivu wanaijua barabara ile. Magari hungojeana, madereva huulizana habari kwa simu, na ikisemwa kwamba njia imetulia ndipo huondoka, moja nyuma ya lingine. Mama alisali Rozari toka mwanzo hadi mwisho. Sisi tulikuwa tukitazama migomba ya kando ya njia. Tulivuka mpaka adhuhuri, na siku iliyofuata jioni tuliingia Kampala.

Nyumba ya saratani iliyoko Mulago ilianzishwa mwaka 1967, kwanza kwa ajili ya watoto wenye uvimbe wa taya ambao umeitwa kwa jina la daktari Denis Burkitt. Mashine yao ya kwanza ya mionzi ilipatikana mwaka 1995, ikaharibika kabisa mwaka 2016, na mpaka mashine mpya ilipoanza kazi mwaka 2018 nchi nzima ya Uganda haikuwa na nyingine. Mtu mmoja aliyekuwa akingoja pamoja nasi barazani alitusimulia habari za miaka ile miwili, na ndugu yake aliyefariki katikati yake. Baada ya kumsikia, hatukunung'unika juu ya foleni.

Mionzi yenyewe haina kishindo. Walimchora Baba alama ndogo za wino kifuani, ili mashine ilenge mahali pale pale kila siku. Alilala mezani, watu wote wakatoka, mashine ikamzunguka kwa dakika chache, akaamka. Hakuona kitu, hakusikia maumivu. "Ni hiyo tu?" aliuliza siku ya kwanza, na nusura akasirike kama Kaka. Dawa ndiyo iliyochukua siku: kila Jumatatu, saa nyingi, tone kwa tone mshipani. Baba alinunua daftari la wanafunzi, akachora mistari 23, na kila alipotoka kwenye mionzi alijitia alama ya kuhudhuria, kama alivyokuwa akiwatia watoto asubuhi.

Majuma mawili yalikwenda vema. Juma la tatu mambo yaligeuka. Umio ulivimba na kuungua ndani, hata mate yakawa kama makaa. Madaktari walikuwa wametuambia kwamba mionzi huzidisha taabu kabla ya kuiondoa, lakini kuambiwa ni jambo moja. Nywele zilianguka, na nyusi pia. Alitapika. Juma la nne walipima damu, wakakuta askari wa damu wamepungua mno, wakasema Jumatatu hiyo hapati dawa, mionzi tu. Usiku ule Baba alitoa daftari chini ya mto, akalirarua mstari wa 17 kwa kucha, akasema kwa Kinande: "Nipelekeni nyumbani. Nataka kufa nikisikia lugha yangu."

Aliyemjibu si sisi. Alikuwa muuguzi wa zamu, mama wa makamo, aliyekuwa akipanga vyombo upande wa pili wa chumba. Alijibu kwa Kikonzo, lugha ya Kasese, ambayo kwa Kinande ni kama dada kwa dada: "Unaisikia, Mzee. Sasa lala, kesho una kazi." Baba alimtazama muda mrefu. Asubuhi alikwenda kwenye mionzi, na jioni akaunga mstari wa 17 kwa kipande cha plasta.

Alimaliza zote 23. Dawa alipata mara nne badala ya tano, na madaktari wakasema inatosha.

Kisha ikaja ile sehemu ambayo hakuna aliyetutayarisha kwayo. Baada ya mionzi ya mwisho ilipasa kungoja tena, majuma sita hivi, uvimbe uendelee kunyauka na mwili upate nguvu. Tulipanga chumba, mama akapika. Juma la kwanza hakukuwa na badiliko. Juma la pili alimeza maji bila kukunja uso. Katika juma la tatu, siku ya Alhamisi, Baba aliomba ndizi zilizopondwa, akala kijiko kimoja, akatulia akisikiliza kifua chake kama mtu asikilizaye nyayo nje ya nyumba, akala cha pili. Jumapili iliyofuata padre alimpa kipande kidogo sana cha Hostia. Kilipita. Mpira wa puani ukatolewa. Uso wake ukaanza kurudi. Tulimpigia Kaka simu, naye akasema neno ambalo sisi sote, tena, tulikuwa nalo mioyoni: "Basi amepona. Kisu cha nini?"

Ona jinsi tulivyo. Mwezi wa tano tulitaka kisu kabla ya dawa. Mwezi wa tisa tulitaka dawa bila kisu. Na mara hii Baba alikuwa upande wetu. Alisema hawezi kumpa mtu ruhusa ya kuondoa umio ambao umeanza kumtii.

Mpasuaji hakumcheka. Alikiri kwamba jambo hilo linaulizwa na madaktari wenyewe. Huko huko Uholanzi walikwisha kujaribu: wagonjwa ambao baada ya dawa na mionzi hawakuonekana tena na uvimbe, baadhi yao hawakupasuliwa, bali walilindwa kwa karibu, wakipimwa kila miezi michache kwa mpira na kamera na picha za mashine, na kupasuliwa ikiwa tu uvimbe umerudi. Uchunguzi huo ulichapwa mwaka 2025: baada ya miaka miwili, 74 katika mia ya waliolindwa walikuwa hai, na 71 katika mia ya waliopasuliwa mara moja, nao waliolindwa, karibu nusu yao uvimbe ulirudi mahali pale pale. Kwa hiyo kulindwa ni njia, tena ni njia ya heshima. Lakini yataka ulinzi.

"Wewe unakaa wapi, Mzee?" akauliza.

"Butembo."

"Utaweza kuja hapa kila miezi mitatu, mwaka huu na mwaka ujao, hata ukijisikia mzima?"

Hakuna aliyejibu. Sisi sote tulikuwa tukiiona ile barabara ya Kasindi, na magari yakingojeana. Fedha za mikaratusi zilikuwa zimebaki kidogo. Mgonjwa wa Rotterdam hupanda treni asubuhi, akapimwa, akarudi nyumbani kwa chakula cha mchana. Ulinzi wake ni rahisi kama kwenda sokoni. Baba angelindwa na nani? Siku uvimbe urudipo, njia imefungwa, nasi tunamponda maharagwe tena na kupatana tusiambiane.

Mpasuaji alieleza na hatari za upande wa pili, hakuficha. Kazi ya saa sita au zaidi. Hufungua tumbo na kifua, huondoa umio, kisha hulivuta tumbo la chakula juu, likafanywa kuwa mrija mpya, likashonwa shingoni. Mshono waweza kuvuja. Mapafu yaweza kushikwa na homa. Wako wasioamka.

Baba aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Hatujui alifikiri nini, hakutuambia. Asubuhi aliagiza padre aje ampake Mafuta Matakatifu, kisha akafungua daftari, akachora mstari wa 24, akaandika pembeni: kisu.

Siku ya upasuaji tulikaa barazani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kaka alikuwa amekuja kwa basi la usiku. Hatukusemezana. Siku ya nne baadaye homa ilipanda, mapafu yalishikwa, wakamrudisha kwenye chumba cha mashine, na kwa siku tano tuliruhusiwa kumwona kupitia kioo tu. Hizo siku tano hatutazisimulia. Akatoka.

Majibu ya nyama iliyokatwa yalikuja baada ya majuma matatu. Kando zote zilikuwa safi. Uvimbe ulikuwa umekufa karibu wote. Lakini mahali pamoja, chini ya ngozi ya ndani ambapo kamera haikuweza kuona, palikuwa na chembe hai chache, eneo dogo kama punje ya mtama. Kaka aliomba aonyeshwe kwenye karatasi mahali pale palipoandikwa. Hakujua Kiingereza kingi, lakini aliweka kidole juu ya mstari huo, akakaa nacho pale.

Sasa Baba yuko Butembo. Hatuwezi kusema amepona. Madaktari wametukataza kulitumia neno hilo kabla ya miaka mitano. Hula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, kwa sababu tumbo lake jipya ni jembamba na halina nafasi. Hulala akiwa ameinuliwa kwa mito mitatu, la sivyo chakula humrudi. Suruali zake zimefupishwa kiunoni mara mbili. Watoto wa jirani, ambao baadhi yao baba zao walikuwa wanafunzi wake, huja jioni kufanya hesabu ukumbini kwetu, naye huwasahihisha kwa sauti ambayo imebaki na mkwaruzo.

Asubuhi mama humletea chai katika kikombe kile kile cha bati. Hukiweka juu ya kizingiti cha dirisha, penye baridi. Baba hukaa mbele yake na mikono magotini, akitazama mvuke ukipungua, nasi tuliopo nyumbani siku hiyo hukaa pamoja naye, vikombe vyetu vikiwa pale pale kando ya chake, mpaka atakapokigusa kwa kidole na kusema kimefaa.